Udhibiti wa Mbali Unapogoma kwenye Seva ya TeamSpeak 3: Dalili, Sababu na Tiba

Watu wanasikilizana vizuri kwenye chaneli, lakini roboti yako haiingii, skripti ya kuhesabu waliomo inarudi mikono mitupu, au paneli ya usimamizi inasema seva haipo. Hapo wengi hukimbilia kubadilisha nenosiri, kufungua poti zote na kuwasha seva upya mara tano, kisha wanashindwa kujua ni kipi kati ya hivyo kilichosaidia. Kazi hii huenda kwa tabaka: huduma yenyewe, mtandao, kuingia, ruhusa, kisha amri. Seva ya TeamSpeak 3 husema wazi imekwama tabaka lipi, mradi usome jibu lake lote badala ya kuishia kwenye neno "error".

Mwongozo huu unahusu ServerQuery, mlango wa udhibiti wa mbali wa TeamSpeak 3 (programu ya mazungumzo ya sauti), kwenye Linux zaidi. Kwenye Windows amri za ndani ya ServerQuery ni zilezile. Hubadilika tu namna ya kuwasha seva na kukagua poti.

Poti zipi, na kwa nini sauti si ushahidi

Sauti hupita UDP 9987. Udhibiti hupita TCP, na una milango mikuu mitatu: 10011 ni ServerQuery ya kawaida isiyosimbwa, 10022 ni ServerQuery kupitia SSH, yaani iliyosimbwa, na 10080 ni WebQuery, inayopokea maombi ya HTTP. Mafaili na picha za watumiaji hupita TCP 30033. Kwa hiyo mtu anaposema "seva ipo hewani, mbona nasikia sauti," amethibitisha UDP 9987 peke yake. Kuhusu 10011 hajathibitisha lolote.

SSH ilikuja na toleo 3.3.0, na WebQuery ikaja na 3.12.0. Kama seva yako ni ya zamani kuliko hapo, usipoteze jioni ukitafuta mpangilio ambao haumo.

Mpangilio unaoamua milango ipi iwe wazi ni `query_protocols`. Usitegemee thamani ya asili. Iandike mwenyewe kwenye `ts3server.ini`:

```
query_protocols=raw,ssh
query_ip=127.0.0.1
query_port=10011
query_ssh_ip=0.0.0.0
query_ssh_port=10022
```

Huo ndio mpangilio tunaoupendekeza: mlango usiosimbwa usikilize ndani ya mashine tu, na wa SSH ndio uonekane nje. Kwenye 10011 nenosiri la msimamizi husafiri kama maandishi ya kawaida, na yeyote aliye katikati ya njia anaweza kulisoma. Kuifungua 10011 kwa dunia nzima ili tu roboti moja ifanye kazi ni ukarimu usio na maana.

Kama huna faili la ini, washa seva mara moja kwa `createinifile=1` nayo italiandika. Hapa kuna mtego unaonasa wengi: unahariri faili, unawasha seva upya, na hakuna kinachobadilika, kwa sababu seva haikuambiwa ilisome. Litaje unapowasha:

```
./ts3server_startscript.sh start inifile=ts3server.ini
```

Kama seva inawashwa na systemd (kiwasha huduma cha Linux), hakikisha `WorkingDirectory` inaelekea kwenye folda ya seva. Njia za mafaili kwenye mipangilio ni za kuanzia folda hiyo, na seva ikiwashwa kutoka folda nyingine haitaona ini, haitaona orodha ya anwani zilizoruhusiwa, na jambo baya zaidi, inaweza kutengeneza hifadhidata mpya. Tutalirudia hilo kwenye nenosiri.

Dalili: "Connection refused"

Jibu hili huja papo hapo, na kwa kawaida lina maana moja: umeifikia mashine, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo na anwani hiyo. Usiguse ruta wala faiawoli kwanza. Ingia kwenye mashine yenyewe, uliza:

```
ss -tlnp | grep -E '10011|10022|10080'
```

Hakuna mstari uliotoka? Basi ama seva imezimika, ama `query_protocols` haina mlango unaoutaka, ama faili la ini halikusomwa. Fungua logi ya karibuni kwenye folda ya `logs`. Seva inapowaka huandika mistari inayoanza na "listening for query on", na mwingine wa "listening for query ssh on", pamoja na anwani na poti. Mstari usipokuwepo, mlango haukufunguliwa. Ukiona badala yake lalamiko la kushindwa kushika poti, kuna programu nyingine imeitangulia. Mara nyingi ni nakala ya pili ya ts3server iliyobaki baada ya kuzimwa vibaya. `ps aux | grep ts3server` itakuonyesha.

Mstari umetoka lakini unasoma `127.0.0.1:10011`? Hapo seva inatii ulichoandika: inapokea wa ndani tu. Ukitoka nje utakataliwa, na ndivyo inavyotakiwa. Tumia SSH ya 10022 au handaki, kama tutakavyoeleza.

Kuna hali ya tatu isiyozungumzwa sana. Jina la seva lina anwani za IPv4 na IPv6, lakini umeruhusu IPv4 tu kwenye `query_ip`. Programu yako hujaribu IPv6 kwanza, inakataliwa, na nyingine hukata tamaa hapohapo bila kujaribu ya pili. Jaribu kwa namba ya IPv4 badala ya jina. Ikikubali, umepata mchawi.

Dalili: inasubiri, inasubiri, kisha "timed out"

Kimya kirefu ni kazi ya faiawoli au njia. Pakiti inadondoshwa bila jibu. Jipime kwa hatua mbili. Kwanza ukiwa ndani ya mashine:

```
nc -vz 127.0.0.1 10022
```

Kisha kutoka kompyuta nyingine, ukiwa nje ya mtandao wa nyumba au ofisi ilipo seva:

```
nc -vz anwani.ya.seva 10022
```

Kwenye Windows tumia `Test-NetConnection anwani.ya.seva -Port 10022` ndani ya PowerShell. Ndani ikikubali na nje ikagoma, tatizo liko kati yenu. Kagua faiawoli ya mashine. Kwa ufw (faiawoli ya Linux), ruhusu anwani yako tu, si kila mtu:

```
ufw allow from 203.0.113.5 to any port 10022 proto tcp
```

Weka anwani yako halisi mahali pa hiyo ya mfano. Halafu kumbuka kwamba watoa seva za kukodi wengi wana faiawoli ya pili kwenye paneli yao, nje kabisa ya mashine. Unaweza kuzima ufw yote na bado usipite.

Seva ikiwa nyuma ya ruta ya nyumbani, poti ya TCP lazima ielekezwe kivyake. Wengi walielekeza 9987 ya UDP siku ya kwanza, wakaridhika. Na usijipime ukiwa ndani ya mtandao uleule kwa kutumia anwani ya nje: ruta nyingi hazirudishi muunganisho wa namna hiyo, utapata "timed out" ya uongo. Ukikuta anwani ya nje inayoonyeshwa na ruta haifanani na ile inayoonekana kwenye intaneti, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna kuelekeza poti kutakakosaidia.

Dalili: jina la seva linafanya kazi kwa sauti, kwa udhibiti halifanyi

Hii ina sababu nzuri na huchanganya hata wazoefu. Programu ya TeamSpeak inapopewa jina hutafuta rekodi ya SRV, `_ts3._udp`, inayoielekeza kwenye mashine na poti halisi. Inaweza pia kuuliza TSDNS, huduma ya majina ya TeamSpeak yenyewe. Telnet, ssh, nc na maktaba nyingi za roboti hazifanyi hivyo. Hutafuta anwani ya kawaida ya jina basi. Kama jina lako lina SRV lakini rekodi yake ya A (ile ya anwani ya kawaida) inaelekea kwenye tovuti, sauti itafika kwenye seva na udhibiti utafika kwenye tovuti. Vivyo hivyo kama jina limewekwa nyuma ya huduma ya kati inayolinda tovuti: hiyo hupitisha maombi ya wavuti, si TCP 10011 wala 10022. Tumia anwani ya namba, au tengeneza jina dogo la pembeni linaloelekea moja kwa moja kwenye mashine ya sauti.

Dalili: inaunganika, lakini skrini ni tupu

ServerQuery ya 10011 haichelewi kujitambulisha. Hutoa `TS3`, halafu mstari wa "Welcome to the TeamSpeak 3 ServerQuery interface". Usipoyaona hayo, hujafika ulipodhani. Ukiona maandishi yanayoanza na `SSH-2.0`, umefungua 10022 kwa telnet. Ukikuta ukimya kabisa huku muunganisho ukiwa wazi, angalia kama hukuandika 30033, ambayo ni ya mafaili na haisalimii mtu. Na ukielekeza `ssh` kwenye 10011, itakaa ikisubiri utambulisho ambao hautakuja.

Muunganisho ukikatika sekunde ileile unapofunguka, bila salamu, soma `query_ip_denylist.txt`. Huenda anwani yako iliandikwa humo zamani na aliyeiandika amesahau.

Namna sahihi ya kuingia kupitia SSH ni hii (`serveradmin` ni akaunti ya msimamizi mkuu):

```
ssh -p 10022 serveradmin@anwani.ya.seva
```

Ukishaulizwa nenosiri na kulitoa, umeshaingia. Huhitaji tena amri ya `login`. Skripti zilizohamishwa kutoka 10011 huendelea kuituma kwa mazoea, iondoe.

Kama ssh inalalamika "no matching host key type found" na kutaja `ssh-rsa`, sababu iko upande wako: OpenSSH tangu 8.8 imezima sahihi za aina hiyo ya zamani. Ongeza `-o HostKeyAlgorithms=+ssh-rsa` kwa seva hiyo pekee, usiiweke kwa seva zote. Na ikipiga kelele kwamba utambulisho wa seva umebadilika, jiulize kwanza kama kuna aliyehamisha seva na kuacha faili la `ssh_host_rsa_key` nyuma. Likikosekana, seva hutengeneza jipya. Ukishathibitisha hivyo, futa kumbukumbu ya zamani: `ssh-keygen -R '[anwani.ya.seva]:10022'`. Kama hakuna aliyegusa seva, usifute kitu. Tafuta kwanza nani anajibu kwa jina lako.

Handaki, kwa wenye roboti zisizojua SSH ya ServerQuery

Maktaba nyingi za zamani hujua 10011 tu. Usizifungulie poti. Kama una akaunti ya kawaida ya SSH kwenye mashine, chimba handaki, yaani njia iliyosimbwa inayopitisha poti hiyo ndani ya SSH:

```
ssh -N -L 10011:127.0.0.1:10011 mtumiaji@anwani.ya.seva
```

Kisha ielekeze roboti kwenye 127.0.0.1 poti 10011 ya kompyuta yako. Hii ni SSH ya mashine, kwa kawaida poti 22, si ile ya 10022. Kuna faida ya ziada: seva ya TeamSpeak inaona muunganisho unatoka 127.0.0.1, anwani ambayo kwa kawaida imo tayari kwenye orodha ya walioruhusiwa. Handaki likifunguka lakini kila jaribio linatoa "administratively prohibited", sshd imekatazwa kupitisha; kagua `AllowTcpForwarding`.

Dalili: error id=520, invalid loginname or password

Umefika, umesikika, umekataliwa. Sababu ya kwanza kwa wingi ni kuchanganya vitu viwili vilivyotolewa siku moja. Seva inapowaka mara ya kwanza kabisa hutoa jina la `serveradmin` na nenosiri lake, na kando yake `token=` yenye herufi nyingi. Token ni ufunguo wa mamlaka wa kubandika ndani ya programu ya TeamSpeak ili upate kundi la msimamizi. Haifungui ServerQuery. Nenosiri nalo halifai mahali pa token.

Sababu ya pili ni alama. ServerQuery ina kanuni yake ya kuandika herufi maalumu: nafasi ni `\s`, mkwaju `/` ni `\/`, mstari wima `|` ni `\p`, na mkwaju wa nyuma huandikwa mara mbili. Nenosiri lenye `|` likitumwa lilivyo litakatwa katikati. Maktaba nzuri hubadilisha zenyewe, lakini ukiandika kwa mkono au kwa skripti ya bash, kazi ni yako. Na bash ina tabia zake juu ya `$` na `!`, kwa hiyo funga nenosiri kwa alama za nukuu moja.

Sababu ya tatu ni ile ya folda. Seva imehamishwa, imewashwa kutoka mahali pengine, haikuliona faili la `ts3server.sqlitedb`, ikatengeneza jipya pamoja na serveradmin mpya. Dalili yake ya pembeni ni kwamba chaneli zote zimepotea na kubaki moja ya mwanzo. Ukiona hivyo acha habari za nenosiri, zima seva, rudisha hifadhidata mahali pake.

Kama nenosiri limepotea kweli, zima seva kisha:

```
./ts3server_startscript.sh start inifile=ts3server.ini serveradmin_password='JipyaNaRefu'
```

Ukishahakikisha linaingia, zima tena na uwashe bila kipande hicho. Kikibaki, nenosiri litaonekana kwa kila anayeweza kusoma orodha ya programu zinazoendeshwa kwenye mashine, na hata mtu akilibadilisha baadaye, kuwasha upya kutarudisha la zamani.

Aliyekodi seva pepe moja (moja kati ya seva kadhaa za TeamSpeak kwenye mashine ileile) mara nyingi hana serveradmin kabisa, kwa kuwa huyo anamiliki mashine nzima. Yeye hutengeneza akaunti yake ndani ya programu ya TeamSpeak, menyu ya Tools, kisha ServerQuery Login. Inahitaji ruhusa ya `b_client_create_modify_serverquery_login`, na akaunti hurithi makundi ya utambulisho ulioitengeneza. Hata kwa mwenye mashine, roboti isitumie serveradmin. Itengenezee utambulisho wake, uupe kundi lenye ruhusa chache, na siku nenosiri likivuja hasara itakuwa ndogo.

Dalili: error id=3329, you are banned

```
error id=3329 msg=connection\sfailed,\syou\sare\sbanned extra_msg=you\smay\sretry\sin\s600\sseconds
```

Hakuna aliyekufungia kwa mkono. Seva imechoka na wewe. Hutokea ukikosea nenosiri mara nyingi mfululizo, au ukituma amri nyingi kwa muda mfupi. Kabla ya kufungiwa kwa wingi wa amri mara nyingi utaona 524, "client is flooding". Kila unapojaribu tena kwa pupa unarefusha mateso, kwa hiyo zima roboti kwanza. Roboti inayojaribu kuingia kila sekunde kwa nenosiri bovu haitakaa itoke kifungoni.

Tazama mipaka iliyopo kwa `instanceinfo`: `serverinstance_serverquery_flood_commands` ni idadi ya amri, `serverinstance_serverquery_flood_time` ni sekunde zinazohesabiwa, na `serverinstance_serverquery_ban_time` ni urefu wa kifungo. Unaweza kuipandisha kwa `instanceedit`, ila dawa bora ni kuiandika anwani ya roboti kwenye `query_ip_allowlist.txt`, anwani moja kila mstari, na kuwasha seva upya. Matoleo ya zamani yaliliita faili hilo `query_ip_whitelist.txt`. Baada ya kupandisha toleo, hakikisha mistari yako imo kwenye faili ambalo seva inalisoma sasa, na kwamba 127.0.0.1 na ::1 bado zimo.

Chunguza pia skripti yenyewe. Inayofungua muunganisho mpya, kuingia, kuuliza jambo moja na kutoka, kwa kila mtu aliyemo, itagonga mpaka hata kwenye seva ndogo. Fungua muunganisho mmoja, `clientlist -uid -away -voice -groups` mara moja, na una taarifa za wote.

Docker huzalisha kosa hili kwa njia yake

Docker huendesha seva ndani ya kontena, sehemu iliyotengwa na mashine mama, na roboti iliyo kwenye mashine mama haionekani humo kama 127.0.0.1. Mara nyingi seva huiona kama anwani ya daraja la Docker, kwa kawaida 172.17.0.1 au nyingine ya familia hiyo. Kwa hiyo orodha ya walioruhusiwa haiilindi, na mtu anashangaa kufungiwa kutoka "ndani". Soma kwenye logi ni anwani gani hasa imefungiwa, iandike hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni hii: poti iliyotangazwa kwa `-p 10011:10011` hupita juu ya kanuni za ufw, kwa kuwa Docker huandika kanuni zake za iptables. Unaweza kuona ufw inasema imezuia, na huku dunia nzima inaingia. Funga tangazo kwenye anwani ya ndani:

```
docker run -d -p 9987:9987/udp -p 30033:30033 \
  -p 127.0.0.1:10011:10011 \
  -e TS3SERVER_LICENSE=accept \
  -v ts3data:/var/ts3server teamspeak
```

Hapa `query_ip` isiwe 127.0.0.1, kwa sababu hiyo ingekuwa ya ndani ya kontena na hata mashine mama isingefika. Kizuizi kinawekwa kwenye tangazo la poti. Bila `-v`, kontena jipya huja na hifadhidata mpya, na unarudi kwenye kosa la 520.

Dalili: error id=1024, invalid serverID

Umeingia, lakini hujachagua seva pepe. Mashine moja inaweza kubeba kadhaa, na `clientlist` haina maana mpaka useme ya ipi:

```
use sid=1
```

Au `use port=9987`, ambayo tunaipenda zaidi kwenye skripti kwa kuwa watu hukumbuka poti kuliko namba ya sid. Ukisahau sid, `serverlist` inakuonyesha. Jibu likiwa 1033, seva pepe ipo ila imezimwa; `serverstart sid=1` kama una mamlaka. Muunganisho ukikatika na kurudi, uchaguzi unapotea. Roboti inayojiunga upya lazima irudie kuingia na `use` vyote viwili.

Dalili: error id=2568, insufficient client permissions

Usiishie kusoma maneno; mwishoni kuna `failed_permid=` na namba. Hiyo ndiyo ruhusa iliyokosekana. Endesha `permissionlist`, tafuta namba hiyo, utapata jina. Bila hatua hii watu huishia kuipa roboti kila kitu.

Jina likianza na `b_`, ni ndiyo au hapana: iwashe kwenye kundi la roboti. Likianza na `i_`, ni mizani ya nguvu. Kumtoa mtu kunahitaji `i_client_kick_from_server_power` ya roboti isipungue `i_client_needed_kick_from_server_power` ya anayetolewa. Ndiyo maana roboti humtoa mgeni bila shida na kugonga mwamba kwa msimamizi. Aliyekodi akipata 2568 kwa `serverlist` au `instanceinfo` asihangaike. Hizo ni za mwenye mashine.

Kama hukuingia kabisa, wewe ni wa kundi la Guest Server Query, lenye ruhusa chache. 2568 mfululizo kwa kila amri mara nyingi ni `login` iliyoshindwa ambayo skripti haikuikagua. `whoami` itakuambia wewe ni nani.

Dalili: "error id=0 msg=ok", lakini hakuna kilichotokea

Roboti inamtoa mtu asiye sahihi, au inapata 512: skripti imehifadhi `clid`. Namba hiyo hutolewa upya kila mtu anapounganika. Cha kudumu ni `cldbid`, namba ya mtu kwenye hifadhidata, na utambulisho wa `client_unique_identifier`. Hifadhi hivyo, utafute `clid` dakika unapoihitaji.

Ujumbe unafika neno la kwanza tu, au unarudisha kosa la vigezo: hukubadilisha nafasi kuwa `\s`. Iandike `sendtextmessage targetmode=3 target=1 msg=Karibuni\snyote`.

Roboti haisikii ujumbe wa chaneli ingawa umesajili `servernotifyregister event=textchannel`: inasikia chaneli ilimo tu. Ihamishe kwa `clientmove`, au ukubali roboti moja kwa kila chaneli. Hatujaona njia nadhifu ya kulizunguka hilo.

Muunganisho unakatika baada ya dakika tano za ukimya: `query_timeout` ni sekunde 300. Tuma `version` kila dakika mbili au tatu. `ServerAliveInterval` ya handaki haisaidii, kwa sababu inafanya handaki liwe hai wakati ServerQuery bado inahesabu ukimya wako.

WebQuery ilifanya kazi wiki mbili, ikagoma

Ufunguo umeisha muda. `apikeyadd` isipopewa `lifetime` hutoa ufunguo wa siku 14. Tengeneza mwingine ukitaja siku, au sifuri kwa usioisha:

```
apikeyadd scope=read lifetime=90
```

Chagua `read` kama unasoma tu. `Write` na `manage` ni kwa wanaobadilisha mambo. Hakikisha `http` imo kwenye `query_protocols`, kisha jaribu:

```
curl -H 'x-api-key: UFUNGUO' http://127.0.0.1:10080/1/clientlist
```

Ile `1` kwenye njia ni sid, ndiyo inayochukua nafasi ya `use`. Amri za `use`, `login` na `servernotifyregister` hazipo huku, kwa hiyo roboti inayosubiri matukio ibaki kwenye SSH. Na kwa kuwa 10080 haisimbwi, nayo isikae wazi nje.

Ikibaki hujui skripti inatuma nini hasa, washa seva na `logquerycommands=1`. Kila amri itaandikwa kwenye logi, nawe utaona mstari kama ulivyopokelewa, pamoja na nafasi iliyosahaulika kugeuzwa. Kwenye seva yenye roboti kadhaa logi hiyo hunenepa haraka, hivyo irudishe kwenye 0 ukishapata jibu.